Gitaa la Mwalimu, mbao ya mukebu

Seremala wa vitanda akitaka kujenga gitaa, kinachomsumbua kwanza ni ujuzi alio nao tayari. Kitanda kikilia usiku, mteja atarudi na maneno. Mlango ukilegea, na jina lako limelegea. Kwa hiyo tunazoea kuongeza: mbao nene kidogo, skrubu ya ziada, gundi mpaka ivuje pembeni. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi hapa Walukuba, Jinja, mtaa uliojaa watoto wa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila pembe. Ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya uani na ya karakana, si ya askari tu kama wanavyodhani watu wa Kampala. Gitaa lilinitaka nifanye kinyume cha yote niliyoyazoea. Lilinitaka nipunguze, nipunguze tena, halafu nijue pa kuacha.

Aliyeniingiza katika kazi hii ni mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, ambaye mwisho wa wiki huimba kwenye kwanjula, sherehe ya bwana kutambulishwa kwa wazazi wa bibi, na harusi. Anapenda kadongo kamu, muziki wa mtu na gitaa lake anayeweza kusimulia kisa cha ndoa, deni au msiba kwa muda mrefu na watu wasinyanyuke vitini. Paulo Kafeero, aliyefariki 2007, ndiye anayemtolea mfano kila mara. Shida yake ilikuwa gitaa la dukani. Yeye ni mfupi, kiganja chake kidogo, na boksi la gitaa lile lilikuwa nene kiasi kwamba mkono wa kulia ulimfa ganzi kabla kisa hakijafika katikati.

"Fundi, wewe si unatengeneza makabati?" aliniuliza. "Nitengenezee gitaa linalonitosha."

"Mwalimu, makabati hayaimbi."

"Hayajapata wa kuyaimbisha."

Tukaanza na vipimo vya mwili wake: urefu wa mkono kutoka begani hadi kiwiko, upana wa kiganja, mahali kidole kidogo kinapofika bila kukazana, hata kimo cha kiti anachokalia akiimba. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yanayouzwa madukani yana urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa kwenye daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi usoni, wa milimita 645 hadi 650. Sisi tukakubaliana 632. Asiyepiga gitaa ataona tofauti hiyo si kitu. Lakini inasogeza kila freti, kile kichuma kinachokatiza shingo, karibu na jirani yake, na inalegeza nyuzi pia, kwa sababu mvuto unaohitajika ili uzi ule ule utoe noti ile ile hupungua kwa mraba wa urefu. Kutoka 645 kushuka hadi 632, mvuto unapungua kwa asilimia 4 hivi. Kwa vidole vya mtu anayepiga jioni nzima, hiyo ni nafuu anayoisikia. Shingo pale kichwani nikaipa upana wa milimita 43, boksi nikalipunguza kina kwa sehemu moja ya kumi, na ukingo wa juu, pale mkono unapolala, nikaupanga kuukata mshazari ili usibane mshipa.

Hapo kwenye kina ndipo swali gumu lilipozaliwa: boksi likiwa jembamba, besi itatoka wapi? Aliyenipa njia hakuwa mpiga gitaa. Ni mzee anayechonga embaire, yale marimba makubwa ya Busoga, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mitambo ya nguo ya Nytil, na Kiswahili chake ni cha zamu ya usiku, kifupi na cha mkato. Vipande vya embaire huchongwa kwa mti wa lusambya na kulazwa juu ya vigogo vya migomba, na chini yake huchimbwa shimo ardhini. Watu wa kijiji cha Nakibembe wamejulikana hadi ng'ambo kwa mchezo huo. Nilimuuliza mzee shimo lile linafanya nini hasa.

"Bila shimo, vile vikubwa havisikiki hata na mpigaji mwenyewe," alisema. "Na shimo likiwa dogo, linapenda vipande vidogo."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo ya pili. Hewa iliyomo ndani ya boksi la gitaa hupumua kupitia tundu, nayo ina noti yake. Kwa gitaa la kawaida noti hiyo huwa karibu na mitetemo 100 kwa sekunde, maeneo ya uzi wa sita ukibonyezwa freti ya tatu. Ukipunguza kina, hewa inakuwa haba na noti inapanda, ndipo besi inapokonda. Lakini tundu dogo huishusha noti hiyo. Kwa hiyo ukipunguza boksi kwa sehemu moja ya kumi, na kipenyo cha tundu ukipunguze vivyo hivyo. Tundu la kawaida ni milimita 100. La Mwalimu nikalikata 90. Hesabu hiyo unaweza kuikuta kwenye vitabu vya fizikia, ila mimi niliielewa kwa sababu ya shimo lililochimbwa kwa jembe.

Sasa mbao, na hapa nitakaa kidogo.

Michoro yote niliyoipata ilitaka uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi. Sababu inaeleweka. Kule mti husimama kukua majira ya baridi, na unapoanza tena hufanya hivyo polepole, basi pete zake hubanana, na mbao inakuwa nyepesi huku ikiwa ngumu kupindika kwa urefu. Sifa hizo mbili kwa pamoja ni adimu, na uso wa gitaa unazihitaji zote: uwe mwepesi ili nyuzi ziweze kuutikisa, uwe mkakamavu ili nyuzi zisiukunje. Kwetu hakuna theluji. Saipresi iliyopandwa Kabale inakua karibu mwaka mzima, pete zake pana, na ukinunua bila kuchagua utapata mbao laini ya kufungia mabanda ya kuku. Lakini si kila mbao iko hivyo. Mti uliosongwa na wenzake msituni, au uliokua kwenye mteremko wenye udongo mbaya, hutoa mbao iliyobana. Mkulima anaulalamikia kwa sababu haunenepi. Mimi ndio ninaoutafuta.

Nilikwenda Ndeeba, Kampala, kwenye maghala ya mbao, na siku hiyo sikuangalia urefu wala upana. Nilikuwa natazama vichwa vya mbao. Gogo likipasuliwa mbao kwa mbao kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni zile chache tu zinazopita kwenye moyo wa gogo ambazo pete zake zimesimama wima ukizitazama kwa kichwani. Hizo ndizo za gitaa. Unyevu ukibadilika, husinyaa na kutanuka kwa upana karibu nusu tu ya zile ambazo pete zake zimelala. Kisha nilikuwa naishika mbao kwa vidole viwili, naigonga kwa kifundo cha kidole, nasikiliza kama mlio unabaki au unakufa papo hapo. Muuzaji alivumilia kwa muda, halafu akasema, "Ssebo, unanunua mbao au tikiti maji?" Vibarua wakacheka. Nilicheka nao, nikaendelea kugonga. Kwa bei ya Ndeeba mbao ya moyo wa gogo hailipiwi zaidi ya nyingine. Mara nyingi inadharauliwa kwa sababu kiini chake katikati kina ufa. Ukiipasua hapo hapo kwenye ufa, unabaki na vipande viwili vya haki.

Mgongo na mbavu nilizichonga kwa mukebu, ambao vitabu vya Kiswahili huuita mringaringa. Huo ni mti wa ngoma. Mafundi wengi wameutobolea ngoma kabla hata babu zetu hawajaona gitaa, na sababu zao zinanitosha: si mzito, haupindi sana ukikauka, unakatika bila kupigana na patasi, na ukiugonga unajibu. Wapo wanaoamini gitaa halisi lazima liwe na mgongo wa mti ghali kutoka India au Brazili. Nimeyasikia magitaa ya namna hiyo yaliyokuwa bubu kwa sababu aliyeyajenga aliogopa randa. Jina la mti lina sehemu yake, lakini mimi nitachukua mukebu uliokonda kuliko mti wa fahari ulionenepa.

Shingo ni mahogani. Ubao wa vidole ni mpingo, ambao kwetu hupatikana upande wa kaskazini penye ukame, nami nilikuwa na kipande cha zamani kilichobaki kwenye kazi ya fimbo. Ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Anayewaza kuuza gitaa nje ya nchi ajue kwamba mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia ambao hawakuwa wameorodheshwa tayari waliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kukamilika zimeondolewa masharti hayo, lakini ubao mbichi bado unadai karatasi. La Mwalimu lilikuwa la kuimbia Iganga na Kamuli, kwa hiyo sikupoteza usingizi.

Mbao haikuwa na haraka. Jinja iko kwenye mdomo wa ziwa, na hewa yetu mara nyingi ina unyevu wa asilimia 70 na kupita. Kitanda hakijali hilo. Gitaa linajali, kwa sababu mbao husinyaa kwa upana na karibu haisinyai kabisa kwa urefu, na ndani ya gitaa vipande vimegundishwa vikikatana: uso umeelekea huku, mihimili imeelekea kule. Ukiunganisha vitu hivyo kukiwa na unyevu mwingi, halafu mwenye gitaa akalipeleka Moroto wakati wa kiangazi, uso utataka kusinyaa na mihimili itaukatalia. Hapo uso unapasuka. Mwenye duka la ala huko atasema mbao ilikuwa mbaya, kumbe mbao haina kosa. Karakana za nchi za baridi hujitahidi kubaki kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50.

Hapo ndipo kabati liliponifaa. Nilitengeneza kabati refu lisilopitisha hewa, nikaweka balbu za zamani za kuchoma umeme chini, na kipimo cha unyevu ndani. Hewa ikipata moto, unyevu wake unashuka. Mbao ilikaa humo, na kila wiki niliitoa nikaipima kwenye mizani ya dukani mpaka uzito ulipoacha kubadilika. Kazi zote za gundi kwenye uso na mgongo nilizifanya mara tu baada ya kutoa vipande kabatini, na havikukaa nje ila kwa muda wa kubanwa. Umeme ukikatika nilifunga mlango wa kabati nikaenda kufanya kazi nyingine. Mwalimu alipoona miezi inapita alianza kuniuliza kama nimeamua kulioa gitaa lake.

Kisha randa. Watu wengi hawaamini hesabu ya unene mpaka waishike. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hauendi sambamba na unene; unakwenda kwa unene mara unene mara unene. Chukua uso wa milimita 3, upunguze hadi 2.7. Uzito umepungua asilimia 10 tu, lakini ugumu umepotea zaidi ya robo. Ukiufikisha milimita 1.5, umebaki na ugumu wa sehemu moja ya nane. Ndiyo maana tofauti ya gitaa lililokufa na gitaa lililo hai inaweza kuwa kunyoa kwa randa mara chache, na ndiyo maana mikono ya seremala wa vitanda husita. Milimita 3 kwangu ilikuwa tayari ni karatasi. Kila nilipofikisha kipimo fulani, kitu ndani yangu kilisema basi, itavunjika.

Sikuiachia hofu iamue, wala sikuiachia sikio, kwa sababu sikio la asiyezoea linasikia linachotaka. Niliweka ubao juu ya vijiti viwili, nikaweka uzito katikati, nikapima unashuka kiasi gani, nikauandika. Nikapunguza, nikapima tena. Uzito wangu ulikuwa pakiti ya sukari ya kilo moja ya Kakira, ambayo mama watoto aliidai kila jioni na kila jioni nikaahidi kuirudisha kesho. Nilikuwa na gitaa la zamani lililovunjika shingo, lenye uso mzuri, nililoliazima kwa mpiga bendi mmoja. Nililipima kwa sukari ile ile nikajua ninaelekea wapi. Uso wa saipresi ukatulia kwenye milimita 2.8 katikati na 2.4 kwenye kingo. Mbavu zilikuwa milimita 2.

Chini ya uso inakuja mihimili. Mpangilio wa msalaba niliouchagua unahusishwa na C. F. Martin, fundi Mjerumani aliyehamia Marekani, na umekuwapo tangu miaka ya 1840. Ulizaliwa enzi za nyuzi za utumbo wa mnyama, lakini nyuzi za chuma zilipokuja ndio ulioonekana kuzimudu. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 60, uzito wa mtu mzima aliyening'inia kwenye daraja mchana na usiku. Hesabu ya unene inarudi hapa, safari hii kwa faida: muhimili ukiuongezea kimo kidogo unapata ugumu mwingi, ukiuongezea upana ugumu unapanda sambamba na uzito tu. Kwa hiyo mihimili iwe mirefu kwa kimo na myembamba, kisha ichongwe kuelekea nchani mpaka iishie karibu na sifuri.

Kuigundisha kulinitaka vibano vingi kuliko nilivyokuwa navyo. Nilijenga fremu yenye sakafu na dari, nikakata mianzi mirefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, nikaikunja na kuitega kati ya dari na muhimili. Mwanzi unataka kunyooka, na kwa kutaka kwake unakandamiza. Vibano vya kutundikia nguo, vilivyoongezwa nguvu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vilishika kamba za mbao zinazounganisha mbavu na uso. Kuna duka moja mjini linauza klampu nzuri za chuma. Bei ya klampu zote ambazo kazi hii ilitaka ingenunua gitaa jingine.

Gundi ilikuwa ya ngozi. Kwa makochi natumia gundi nyeupe kama kila mtu, na haina ubaya mahali pake. Lakini gundi nyeupe hulainika ikipata joto na kuteleza polepole chini ya mvuto usiokoma, na gitaa lililoachwa kwenye gari juani hupata joto la kutosha. Gundi ya ngozi haitelezi, na ikibidi kufungua kiungo miaka ijayo, mvuke kidogo unatosha. Mabaki ya ngozi niliyapata Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, wanakotengeneza ngoma. Yalilowekwa, yakachemka taratibu, yakachujwa, yakakauka kuwa vipande vya rangi ya asali. Unapotaka kutumia unayeyusha kwa maji ndani ya chombo kilichokaa kwenye chombo kingine chenye maji moto, nyuzijoto 60 hivi, usizidishe, maana joto kali huua nguvu yake. Na ufanye kazi haraka kabla haijaganda. Kuhusu harufu, jirani yangu anayeuza chapati alihamisha meza yake kwa muda. Tulielewana.

Mbavu nilizipindisha kwenye bomba la chuma lenye makaa ya moto ndani. Unalowesha ubao, unausukuma taratibu kwenye bomba huku ukisikiliza. Maji yanafoka, mvuke unapanda, na ghafla mbao inaacha kubisha. Hapo ndipo pa kupinda. Kiuno ndicho kigumu, maana pindo lake ni dogo. Nilianza kwa vipande vya takataka vya mti ule ule mpaka nikajua mukebu unasalimu amri wakati gani. Sina zaidi la kusema hapo. Ni kazi ya mikono, haifundishiki kwa maneno.

Yule mzee wa embaire alikuja siku moja nilipokuwa nachonga mihimili, kabla mgongo haujafunga boksi. Akaushika uso kwa vidole viwili kwenye ukingo, akaugonga karibu na daraja litakapokaa.

"Bado kuna mbao humu," alisema.

"Mzee, nyuzi zitavuta kilo sitini."

"Sijasema uondoe zote."

Kwenye embaire, ukikwangua katikati ya kipande noti inashuka, ukipunguza nchani inapanda, na yeye amefanya hivyo maisha yake yote kwa panga na sikio. Hakuwahi kujenga gitaa. Alichofanya ni kukandamiza kwa kidole gumba sehemu moja moja na kusikiliza tena, akanionyesha mahali ambapo uso ulikuwa hautaki kabisa kusogea, nchani mwa mihimili upande wa besi. Nikaiweka patasi hapo. Mlio ukashuka na kurefuka. Nikataka kuendelea, maana ukishaonja unakuwa mlafi, naye akanishika mkono. Baadaye niliweka sukari juu: tulikuwa tumefika palepale gitaa lile la kuazima lilipokuwa, na kidogo zaidi. Tangu hapo nafanya yote mawili, sukari kwanza, sikio mwishoni.

Freti zilikuwa kazi ya hesabu tu, lakini hesabu isiyosamehe. Utotoni tulitengeneza magitaa ya mkebe wa mafuta na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, freti tukaziweka kwa kubahatisha, na tuliimba hivyo hivyo. Mafundi wa zamani waligawanya urefu wa uzi kwa 18 kupata freti ya kwanza, kisha kilichobaki kwa 18 tena, na kuendelea. Ni karibu sana na ukweli, lakini si ukweli wenyewe: kwa uzi wa milimita 632, freti ya 12, ambayo lazima iwe katikati kabisa, kwenye 316, itaangukia pungufu kwa zaidi ya milimita 2, na sikio lolote litalalamika. Namba sahihi ni 17.817. Freti ya kwanza inakaa milimita 35.47 kutoka mfupa wa kichwani, ya pili 68.95. Zote hupimwa kutoka kichwani, kamwe si kutoka freti moja hadi nyingine, la sivyo kila upungufu mdogo unamkabidhi mwenzake mzigo. Mfupa wa kwenye daraja nao unasogezwa nyuma milimita mbili tatu, zaidi upande wa nyuzi nene, kwa sababu kidole kinapobonyeza uzi kinauvuta na kuupandisha noti.

Waya wa freti, funguo za kukazia na nyuzi zenyewe havitengenezwi hapa. Nilivinunua, na ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya pesa. Shingo niliifunga kwa bolti mbili badala ya kuigundisha. Wapo watakaonuna. Lakini shingo ya gitaa itahitaji kurekebishwa siku moja, na mimi najua ni nani atakayeletewa.

Rangi ilikuwa vishawishi vya mwisho vya useremala. Mlango hupakwa vanishi mara tatu ung'ae hadi barabarani. Uso wa gitaa ukipakwa hivyo umevishwa koti la mvua. Nilitumia shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, nikaipaka kwa kitambaa, tabaka nyembamba sana, mpaka mbao ikawa na mwanga bila kuonekana imepakwa kitu.

Mwalimu alipokuja kulichukua hakuuliza habari ya mbao wala gundi. Alikaa kwenye kiti kile kile tulichokipima, akaweka mkono kwenye ukingo uliokatwa mshazari, akaimba kisa chake kirefu hadi mwisho. Nyuzi zilikuwa milimita 2.2 juu ya freti ya 12. Wiki zilizofuata uso ulijaa kidogo nyuma ya daraja, kama inavyotarajiwa nyuzi zinapoanza kuvuta, na nyuzi zikapanda. Nikashusha mfupa wa daraja kwa msasa, ukatulia. Januari, jua lilipokaza, nikamwambia aweke kitambaa kibichi ndani ya kiboksi cha sabuni kilichotobolewa, kando ya gitaa kwenye kasha lake.

Amerudi na lalamiko moja. Gitaa lina sauti kuliko lile alilozoea, na akiwa nyumbani usiku anajikuta anaimba kwa nguvu ili asizidiwe, watoto wanaamka. Nimemfungia nyuzi nyembamba zaidi, za namba 10, zinazouvuta uso kidogo. Ameniletea pia mteja, kijana wa Tororo mwenye mikono mirefu, anayetaka 650 na boksi la kina kamili kwa ajili ya kanisa lisilo na spika. Nimemwambia saipresi yake bado inapoteza uzito kabatini, na bei tutazungumza mvua za Mei zikikatika.